Boti Nyeupe Ina Viti Vitano

Mama Henriette, ninakusikiaga kwa redio kila siku ya posho, yaani jumamosi, nikiwa jikoni, na siku zote nilikuwa nasema wanawake wanaokuandikia wamekosa marafiki, lakini leo njo mimi nimeshika bic na karatasi, unisaidie, juu nimebaki na swali moja ambalo watu wa nyumba yangu wanasema ni dogo na mimi linanikata hamu ya chakula: kati ya boti mbili za kuchezea, familia yetu inunue ipi?

Usinicheke. Si boti ya biashara. Bwana yangu Jérôme ana baleinière mbili, boti kubwa za mbao zinazobeba mahindi na unga wa mihogo kwenda Uvira na Kigoma, maisha yake yote ni ziwa, baba yake alikuwa muvuvi kule Fizi na ziwa lilimuchukua pamoja na nyavu zake, na Jérôme hajawahi kuingia majini kwa furaha hata siku moja. Sasa kila siku ya yenga, kiisha kanisa, tunapita plage, pale ufukoni, na tunawaona watu wa mashirika, baba anaendesha boti ndogo, nyuma kuna kamba, na mwisho wa kamba kuna bue, lile pira kubwa lililojazwa upepo, watoto wamelala juu yake wanavutwa na kupiga kelele mpaka unatamani kuwa mutoto. Siku moja Jérôme alisimama akaangalia muda murefu, kisha akaniambia, "Doro, sisi watu wa hapa ziwa tunalijua kwa kulilia tu. Mimi nataka watoto wangu walicheke." Mama Henriette, siku ile nilimupenda sawa na siku alipokuja kwetu Mpala kuniomba kwa baba yangu.

Tuna watoto wawili, Israël na Chancelle. Tena kuna Bijou, mutoto wa marehemu dada yangu mukubwa, Consolate, aliyekufa kwa kolera, na baba ya mutoto alikuwa ameshaondoka kitambo kutafuta maisha kwenye machimbo ya Manono, hatujui kama anaishi ao amekufa. Bijou ana miaka kumi na mitatu, ananiita mama mudogo. Nisimusingizie bwana yangu, Bijou alipokuja hakukunja uso, anamulipia minerval ya shule sawa na wengine, ana kitanda, anakula tunachokula. Lakini ni mutoto wa kimya sana, ukimupa kipande cha samaki anaangalia kwanza sahani za wenzake kama nao wamepata.

Sasa boti zenyewe. Ya kwanza ni ya Papa Grégoire, mwenye nyumba ya wageni karibu na plage, muzee ambaye macho yake yamechoka na ndiyo maana anauza. Ni ya kijani, pana, nzito, ya aluminium iliyobonyea ubavuni, ina viti kumi vya mbao, ngazi ya kupandia kwa nyuma, nguzo ya chuma ya kufungia kamba, na kiti kimoja kimegeuzwa kinatazama nyuma. Motere yake ni ya zamani, inalia kama kinu cha kusagia mahindi. Ya pili ni nyeupe, ya bosi mumoja muzungu ambaye mukataba wake unaisha na anarudi kwao, ina mistari myekundu, viti vya ngozi, muziki ndani, na ukiigusa kidogo tu inainua pua na kuruka. Ina viti vitano, vyote vinatazama mbele.

Tulianza kuijaribu ya kijani. Papa Grégoire aliendesha mwenyewe, akaniweka kwenye kile kiti cha nyuma, akaniambia, "Mama, hapa hapakai muntu wa kupumzika. Wewe macho yako ni kwa watoto tu. Mumoja akianguka, inua mukono, mimi nazima motere." Basi nikakaa hivyo, mugongo wangu umegeukia safari, nikiwaangalia watoto wote watatu wamelala juu ya bue, maji yanawapiga usoni, na Bijou akacheka. Alicheka kwa sauti, kichwa amekirudisha nyuma, na ilikuwa sauti ya Consolate kabisa, nilishika chuma cha pembeni nisilie mbele ya watu. Watatu wote walianguka pamoja, nikainua mukono, motere ikanyamaza, wakapanda kwa ngazi mumoja mumoja. Tuliporudi Chancelle akasema, "Papa, hii ni boti ya wazee." Na Rubens, ndugu mudogo wa Jérôme, anayetuendeshea baleinière moja, akamwambia mukubwa wake, "Yaya, ukionekana ndani ya hii watu watauliza umebeba mihogo." Wakacheka, na Jérôme akacheka, lakini niliona neno lile limemuingia.

Siku ya yenga iliyofuata tukaenda kuijaribu nyeupe. Rubens njo alikuwa wa kuendesha. Pale kwenye mchanga Jérôme alisimama akahesabu viti kwa kidole, akasema, "Mimi, mama, Israël, Chancelle, na Rubens kwa usukani. Familia inaenea." Mimi nikamuuliza, "Na Bijou?" Akanijibu bila ubaya wowote, kama muntu anayeeleza hesabu nyepesi, "Si atakuwa kwenye bue? Kiti ni cha nini?" Rubens akacheka, watoto wakacheka, na Bijou mwenyewe alicheka pamoja nao, ameshika kandambili zake. Jile ndogo, zile fulana za kuelea majini, zilikuwa mbili, wakavaa Israël na Chancelle, Bijou akapewa ya muntu mukubwa, kamba zikafungwa mara mbili tumboni.

Wangu walivutwa kwanza, wakachoka, wakapanda wanatetemeka kwa baridi, ndipo zamu ya Bijou ikafika. Upepo ulikuwa umeanza kuinua maji. Rubens alifungua muziki, akakata kuelekea mudomo wa muto Lukuga, Jérôme alikuwa ameinama anaangalia mushale wa mbio na kupiga makofi, "Ona, ona inavyopanda," na mimi nilikuwa napangusa nywele za Chancelle na kitambaa, kila muntu alikuwa na kitu cha kuangalia na hakuna hata mumoja aliyeangalia nyuma. Ni Chancelle aliyegeuka. Akasema, "Mama, bue iko tupu."

Ilikuwa inaruka peke yake juu ya maji, nyepesi, kama kitu cha muchezo. Na pale, kabla ya kusema lingine lolote, Jérôme alinyoosha mukono akagusa kichwa cha Israël, akagusa kichwa cha Chancelle, akasema, "Asante Mungu, wetu wako." Kisha ndiyo akapiga kelele, "Geuza! Rubens, geuza!"

Tulirudi na njia ile ile hatuoni kitu, maji yote yanafanana, nilikuwa naita jina lake na muziki bado unapiga, hakuna aliyekumbuka kuuzima. Tulimuona mbali sana na pale tulipofikiri. Jile ilikuwa imempanda mpaka masikioni, ameishika chini ya kidevu kwa mikono miwili, halii, haiti. Rubens kwa kuogopa alimukimbilia mbio, hakuzima motere, alipojaribu kusimama wimbi likatusukuma kinyumenyume juu yake, na elisi, ile feni ya chini ya motere, ikamushika muguu chini ya goti. Hapo njo alipiga kelele. Niliruka ndani nikiwa na kitenge changu. Maji yalikuwa ya joto kando yake, Mama Henriette, sitaki kueleza zaidi.

Hospitalini muuguzi alikuja na gloves zake akauliza, "Wazazi wa mutoto ni nani hapa?" Na Jérôme akajibu, "Wazazi wake hawako. Ni mutoto wa dada ya bibi yangu. Wetu hawakupata kitu, Mungu ni mwema." Bijou alikuwa macho. Aliangalia juu, kisha akageuza shingo akaniangalia mimi. Nilikuwa nimesimama pale na kandambili zake mukononi, maji yanadondoka kwenye kitenge, nangoja Jérôme amalize kusema.

Muguu haukukatwa, tumushukuru Mungu, walimushona, lakini munganga alisema mushipa umeguswa na atatembea akichechemea. Gharama zote Jérôme alibeba bila kunung'unika. Kila jioni alimupelekea mukate na juisi, akamufanyia utani, na nyumbani alimununulia fimbo nzuri ya kutembelea. Kwa hiyo si muntu mubaya, watu wote wananiambia una bwana muzuri. Rubens yeye anaeneza kwamba Bijou aliachilia kamba mwenyewe, juu watoto wa siku hizi hawana nguvu. Na juu ya lile neno la hospitali hakuna aliyesema kitu, kama vile halikutoka kwenye mudomo wa muntu.

Na boti bado anaitaka. Ile nyeupe. Nilifikiri baada ya damu ile atasema basi, lakini anasema, "Ajali ni ya Rubens na upepo, boti haina kosa." Nikamwambia, kama ni lazima, tuchukue ya Papa Grégoire, tunaenea wote, kuna kiti cha kuangalia nyuma, kuna ngazi. Akanijibu, "Doro, unachagua boti juu ya mutoto mumoja na unaacha wawili." Kisha akasema muzungu anaondoka mwisho wa mwezi, kwa hiyo niseme mimi ni ipi, asije akaonekana bwana wa mabavu, "lakini ukisema ya Grégoire, utaenda mwenyewe na Bijou wako."

Wiki hii Bijou alinifuata uani nikiwa nafua, ameegemea fimbo, akasema, "Mama mudogo, munipeleke kwa koko Mpala. Kule nitajua pa kukaa." Koko yake ni mama yangu aliyenizaa; nilimwambia tutaongea. Jioni tukiwa mezani nikamueleza Jérôme mbele ya watoto, yeye akawa anatoa mifupa kwenye samaki wake. Ni Chancelle aliyejibu. Alifurahi, Mama Henriette, bila nia yoyote mbaya, alipiga makofi, akasema, "Bijou akienda Mpala, sasa tutaenea vizuri kwa ile nyeupe!" Bijou akasema, "Ndiyo, mutaenea," akaomba ruhusa, akachukua sahani yake akaenda kuiosha.

Sasa niseme nini? Nikichagua ya kijani nimemupiga bwana yangu vita ndani ya nyumba yake kwa ajili ya mutoto wa dada yangu, na ukoo wake wa Fizi walishasema zamani kwamba watu wa Mpala wakiingia wanaleta na ndugu zao wote. Nikichagua nyeupe ni kama nimemupakia Bijou mizigo yake kwa mukono wangu. Niambie tu ni ipi. Nikijua ni ipi, mengine nitayabeba. Namba yangu nimeiandika hapa chini.

Ni mimi, mama wa watoto wawili, Kituku.


MAMA HENRIETTE ANAJIBU

Nitakuita Dorothée. Jina si lako, na ya wengine wote nimebadilisha, watu wa Kituku wasianze kuhesabu milango.

Umeomba jibu la boti, lipokee kwanza, na wengine wanaosikiliza walishike pia, juu siku hizi kila mwenye nafasi anataka kuvuta watoto ziwani. Ni ya kijani. Boti ya kuvuta watoto haichaguliwi kwa mbio wala kwa viti vya ngozi. Inachaguliwa kwa kuuliza: muntu akianguka, nani atamuona, na atapanda wapi? Ile nyeupe haina jibu la swali hata moja. Na hata hiyo ya kijani isiguse maji mpaka kila muntu awe na jile ya kipimo cha mwili wake, mutoto asivae ya baba. Nyuma akae muntu mwenye macho, bila simu, bila nywele za kupangusa. Motere izimwe, nasema izimwe, siyo ipunguzwe, kabla hamujamukaribia muntu aliye majini. Upepo ukianza, mchezo umekwisha. Na Rubens asishike usukani. Anajua kupeleka mahindi Uvira, namuheshimu kwa hilo, lakini gunia likianguka halina muguu wa kukatwa.

Umeridhika? Mimi sijaridhika. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko barua yoyote ya mwaka huu, na kila nikiisoma boti zinakuwa ndogo zaidi.

Tuanze na bwana yako, kwa kuwa njo ulitaka nimupige. Lile la ziwani sitamupigia. Muntu akishituka mukono wake unakimbilia aliowazaa, hauombi ruhusa, na kesho yake muntu muzima anaona haya na anatafuta namna ya kulirekebisha. Lakini hospitalini hakukuwa na wimbi. Miguu yake ilikuwa kwenye simenti, mutoto amelala mbele yake na damu, na pale alichagua maneno. Mukate wa kila jioni ni mukate muzuri. Hata majirani wanaleta mukate hospitalini, Dorothée. Ambacho majirani hawawezi kuleta ni neno moja, na hilo njo alilobaki nalo mufukoni.

Sasa wewe. Usikae vizuri, naja kwako.

Muuguzi hakumuuliza Jérôme. Aliuliza wazazi ni nani. Kwetu hapa, kwenu Mpala, na hata kule Fizi kwa wakwe zako, dada ya mama ni nani? Ni mama. Mukubwa ao mudogo, ni mama, hatuna jina lingine la kumuita. Mutoto huyu anakuita mama kila asubuhi. Alipogeuza shingo akakuangalia, hakuwa anaangalia kandambili zake. Alikuwa anangoja useme "mimi". Neno fupi kiasi hicho, na wewe ukawa unangoja bwana yako amalize kusema! Mwanamuke aliyeruka majini na kitenge chake, ambaye hakuogopa elisi, akaogopa kukatiza maneno ya muntu.

Tena angalia mukono wako unavyoandika. "Tuna watoto wawili. Tena kuna Bijou." "Wangu walivutwa kwanza." Na mwisho, ulipopata nafasi ya kujiita jina lolote duniani, umejiita mama wa watoto wawili. Unamulaumu Jérôme kwa kuhesabu viti, na hesabu ni moja, yeye aliifanya kwa kidole na wewe kwa bic. Chancelle usimupige wala usimufokee. Mutoto hakutunga lile neno mezani. Amelisikia likikatwa vipande vipande kila siku, yeye ameviunga tu.

Nakuhurumia, usifikiri sikuhurumii. Najua kuishi kwenye nyumba ambayo kila wema wa bwana unahesabiwa kuwa muzigo wa ukoo wako. Najua ulimuzika Consolate na hukupata hata muda wa kumulia, ukaleta mutoto wake nyumbani ukawa unatembea taratibu asije akaonekana ni mwingi. Lakini mutoto akifundishwa kila siku asionekane, siku moja anafaulu. Ndivyo ilivyotokea mbele ya mudomo wa Lukuga.

Na sasa niseme lile lililonifanya nichane jibu la kwanza nililokuwa nimekuandalia, lililokuwa la upole kuliko hili.

Siku ya yenga iliyopita muchana nilipiga namba uliyoiacha. Nilikuwa na swali dogo, nilitaka kujua kama Papa Grégoire bado hajauza. Alipokea musichana, sauti ya chini, adabu nyingi. Akaniambia mama mudogo ameacha simu nyumbani isilowe. Nikamuuliza, "Wewe ni mutoto wa nyumba?" Akasema, "Hapana, Mama. Mimi niko mugeni. Watoto wa nyumba wameenda ziwani na Papa."

Nikamuuliza, "Wameenda na boti gani?"

"Ile nyeupe. Ililetwa jana."

"Nani anaendesha?"

"Papa Rubens."

Dorothée, nilijua nisiulize, na nikauliza: "Na mama mudogo, yuko wapi?"

"Naye ameenda. Alikataa kwanza, kisha wakamwambia kiti kimebaki kimoja."

Akaniuliza kama kuna ujumbe wa kuacha. Nikasema hakuna. Akaniambia asante kwa kupiga, na akakata.

Kwa hiyo uliniandikia kuuliza ni ipi, na bahasha ikiwa bado mezani kwangu ulishapanda. Huenda walikuvuta mukono, huenda ulisema nitaenda mara moja tu ili kulinda amani, najua sauti hiyo, wanawake wengi wa muji huu wameishi maisha mazima ndani yake. Lakini mutoto mwenye muguu ulioshonwa alibaki nyumbani kulinda simu yako, na alipoulizwa yeye ni nani, alijibu bila kulia. Amekubali. Hilo njo linaloniogopesha kuliko elisi.

Basi fanya hivi, na usiniandikie tena kuhusu boti.

Boti imeshanunuliwa, chuma hakina dhambi, lakini wewe hupandi tena, na watoto hawapandi, mpaka fundi ageuze kiti kimoja kitazame nyuma, kila mutoto apate jile yake, na Rubens aondolewe kwenye usukani. Jérôme akikasirika, akasirike. Ulimupa amani siku ile hospitalini, unaona imezaa nini.

Kabla ya hayo yote, leo, siyo siku ya yenga, unamuita Bijou na unamwambia wewe mwenyewe kwamba muuguzi aliuliza na ulikuwa na jibu na ulinyamaza. Usimueleze kwa nini. Watoto hawahitaji kwa nini zetu. Kisha Jérôme anaongea, mezani, mbele ya Israël na Chancelle, juu njo mbele yao alihesabu. Aseme alikosa, aseme ni mutoto wake, na asiweke "lakini" nyuma yake. Kama neno hilo linamushinda muntu anayevuka ziwa zima na shehena ya mahindi, basi ujue na wewe uko nyumbani kwa nani, na ulete jambo mbele ya wazee wa pande zote mbili, Mpala na Fizi, wakae chini, waulize mutoto huyu ni wa nani.

Na Mpala? Akitaka kwenda, aende. Lakini usimukabidhi kwa nahodha na mufuko wa nguo kama unga. Mumupeleke wawili, wewe na bwana yako, mulale kule, mumusalimie koko yake, na kitanda chake Kituku kibaki kimetandikwa, asilale muntu mwingine. Akirudi, mushukuru. Asiporudi, musimuvute kwa nguvu na musimwite asiye na shukrani. Atakuwa amechagua kwa akili zake, na atakuwa na haki, na wewe utaishi na hilo. Sina dawa ya kulipunguza.

Wewe mutoto uliyepokea simu, najua redio ya nyumba hiyo iko jikoni na huenda uko karibu nayo. Hukuachilia kamba kwa uvivu. Uliyumbishwa na watu wakubwa ambao hawakugeuza vichwa vyao. Muguu wako si kosa lako, na nafasi yako si zawadi ya muntu.

Dorothée, huyo mutoto akiwa jikoni sasa hivi, anasikia ninachosema na anajifanya hasikii. Zima redio. Nenda umuite.